Gari Limeamka Limelala: Kutafuta Ugonjwa wa Springi za Upepo

Wanyakyusa husalimiana asubuhi "Ugonile?", yaani, umelala? Kwenye gereji zetu hapa Mbeya swali hilo huulizwa gari. Discovery au Range Rover limeegeshwa jana jioni likiwa limesimama vizuri. Asubuhi mwenyewe anatoka na kikombe chake cha chai, anakuta kona moja imekalia tairi. Anawasha, kompresa (pampu ya hewa) inanguruma, gari linapanda, anakwenda zake kazini. Kesho yake hivyo hivyo. Baada ya miezi kadhaa kompresa nayo inakufa, na hapo ndipo anapokumbuka kutafuta fundi.

Nami si mtakatifu. Niliwahi kufunga kompresa mpya kwenye Discovery 3 ya mama mmoja wa Tukuyu, nikapokea hela yangu, na wiki saba baadaye akarudi nalo likiwa limelala vilevile. "Fundi, shikamoo yangu uipokee, lakini gari lako limelala tena." Alisema "gari lako", nikaelewa. Kompresa ya kwanza ilikuwa imekufa kweli, sikumdanganya. Ila haikujifia. Kuna kitu kilikuwa kinavuja, ikawa inafanya kazi mchana kutwa kujaza gunia lililotoboka, mpaka ikaungua. Nilizika marehemu bila kumtafuta muuaji. Tangu siku hiyo siagizi spea yoyote ya mfumo huu kabla sijalilaza gari gereji usiku mmoja, nikalipima kwa futi na kuandika kwa chaki.

Kwanza ujue gari lako lina nini

Discovery 3 na 4 zilizo nyingi, Range Rover Sport na Range Rover za kuanzia 2002 zina mabegi ya upepo, yaani mifuko ya mpira iliyojaa hewa badala ya springi za chuma, kona zote nne. Prado 120 na 150 za matoleo ya juu zina mabegi nyuma tu. Mbele ni springi za chuma kama kawaida. Kwa hiyo Prado ikiinamia mbele usihangaike na upepo, tazama springi na shokapu. Halafu kuna baadhi ya Land Cruiser 100, zile VX na Cygnus, ambazo nazo hupanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe, lakini zinatumia mafuta ya haidroliki na mitungi midogo yenye gesi. Wateja wengi huziita "za upepo". Ukiona kuna tanki dogo la mafuta ya saspensheni, au mafuta yanatiririka karibu na shokapu, maelezo haya hayakuhusu.

Mfumo wa upepo wenyewe si mgumu kuuelewa. Kompresa inavuta hewa, inaipitisha kwenye kikaushio kinachonyonya unyevu, inaisukuma kwenda kwenye tanki na bloku za vali, na vali zinafungua njia ya kila begi. Kwenye magurudumu kuna sensa zinazoiambia kompyuta kimo cha gari. Kompyuta ikitaka kushusha gari, hewa inarudi kwa njia ileile, inapita tena kwenye kikaushio, inatoka nje. Hiyo safari ya kurudi uikumbuke, tutaihitaji mbele.

Na kabla hujaingia chini: usilale chini ya gari lililoshikiliwa na upepo. Kamwe. Vali ikifunguka, tani mbili na nusu za chuma hushuka bila kupiga hodi. Weka stendi imara chini ya chesisi, zuia magurudumu kwa mawe, na kabla ya kupiga jeki zima kitufe cha kimo kama gari lako linacho (Prado ina cha OFF), maana kompyuta inaweza kuona kona imenyanyuka ikaanza "kuirekebisha" wewe ukiwa chini. Pia usifungue mpira wa upepo (bomba dogo la kupitisha hewa) kwa pupa. Presha ya tanki hupita bar 10, na tairi lako lina bar mbili na kidogo tu.

Gari linalala usiku

Huu ndio ugonjwa wenyewe. Mengine mengi ni watoto wake.

Watu huanza kwa kuangalia kona iliyoshuka na kununua begi la kona hiyo. Wakati mwingine wanapatia. Lakini kwenye Discovery 3 na ndugu zake kuna mtego. Hata ukizima gari na kufunga milango, kompyuta huamka baada ya saa kadhaa na kusoma vimo. Ikikuta kona moja imeshuka, haiwezi kuipandisha kwa kuwa injini imezimwa, basi inazishusha nyingine zilingane nayo. Asubuhi unakuta gari zima limelala sawasawa kama ng'ombe anayecheua, na unahitimisha kwamba mabegi yote manne yamekufa. Kumbe mgonjwa ni mmoja, wengine wamemsindikiza tu.

Dawa yake ni kuinyima kompyuta usingizi wa mang'amung'amu. Egesha mahali tambarare, na kwa Mbeya hapo pana kazi, maana nusu ya nyua zetu ziko mlimani. Pandisha gari kimo cha kawaida, zima, kisha toa fyuzi ya saspensheni au ufungue waya hasi wa betri. Hakikisha funguo unayo mkononi. Sasa pima kila kona kutoka katikati ya kikombe cha rimu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu tairi likipungua upepo litakudanganya. Andika namba kwa chaki kwenye madigadi yenyewe au kwenye daftari, pamoja na saa. Rudi baada ya saa mbili, pima. Rudi asubuhi, pima.

Namba zitasema. Kona moja ikishuka peke yake, kosa liko kwenye begi lake, mpira wake, kiungio chake au vali yake ndani ya bloku. Kona mbili za mbele, au mbili za nyuma, zikishuka karibu sawa, shuku bloku ya vali ya upande huo kwanza, ingawa mabegi mawili ya umri mmoja huweza kuchoka pamoja. Na kama bila fyuzi gari limekaa usiku mzima halikusogea, lakini ukirudisha fyuzi linalala, basi hakuna tundu. Kompyuta ndiyo inayoliamuru lishuke, na mara nyingi ni sensa inayoipa habari za uongo.

Usiogope milimita chache. Hewa ikipoa hunywea. Ukiegesha Uyole saa tisa mchana kwenye nyuzi 25 na ukapima alfajiri kwenye nyuzi 8, hewa ndani ya begi imenywea karibu asilimia 6 bila kuvuja hata chembe. Kushuka sentimita moja kona zote nne katika Juni si ugonjwa. Kushuka sentimita nne kona moja ni ugonjwa.

Ukishajua kona, ndipo utumie sabuni. Maji na sabuni ya kuoshea vyombo, kwenye chupa ya kunyunyizia, yawe mazito kidogo. Nyunyiza sehemu mpira unapojikunja chini ya begi, juu mpira mdogo unapoingia, kwenye viungio vya bloku ya vali, halafu fuata mpira wote kando ya chesisi, hasa unapopita karibu na bomba la moshi au kibanio cha chuma. Kona inayoshuka kwa dakika kumi itakupa mapovu makubwa, pengine hata utaisikia ikipumua. Inayoshuka usiku kucha haina haraka hiyo: nyunyiza, kavute pumzi, rudi baada ya dakika tano utafute povu dogo jeupe lililosimama kama la yai lililopigwa. Fundi asiye na subira hukosa povu hilo, akasema begi ni zima.

Na jambo ambalo lilinichukua muda kujifunza: fanya sabuni mara mbili, gari likiwa juu kabisa na likiwa kimo cha kawaida. Mpira wa begi hujikunja na kujikunjua kama mkono wa shati. Ufa huwa kwenye lile kunjo la kila siku. Gari likiwa juu, kunjo limehama, ufa umekutana na ukuta wa bati, hauvuji. Ukilishusha, ufa unafunguka. Wateja huniambia "likiwa juu halilali, likiwa chini linalala", na wanafikiri wanaleta fumbo; kwangu wameshaleta jibu, hilo ni begi.

Kompresa inanguruma muda mrefu, kisha taa inawaka

Mashine ya kupimia ikiunganishwa kwenye Discovery itasoma namba ya kosa C1A20, kwa maana kwamba presha inapanda taratibu mno wakati wa kujaza tanki. Wengi wakiona hivyo wanaagiza kompresa. Lakini namba hiyo imekuambia kinachotokea, haikukuambia kwa nini. Presha hupanda taratibu kwa sababu kompresa imechoka, au hewa inavuja njiani, au mdomo wa kuvutia hewa umeziba, au betri haiipi umeme wa kutosha. Sababu moja tu kati ya hizo ndiyo ya kununua kompresa.

Kuziba ni kwa kawaida sana kwa magari ya shambani. Gari linaloishi njia za Chunya au mabonde ya Usangu kiangazi hula vumbi jekundu kwa debe. Fungua bomba la kuvutia hewa na chujio lake, pumulia. Nimeona kompresa "iliyokufa" ikifufuka kwa kazi ya dakika kumi.

Halafu kuna mwinuko. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Dar es Salaam. Kila mpigo wa pistoni unameza hewa pungufu. Kompresa yenye ringi iliyolika huweza kujikongoja vizuri Kariakoo, kisha ikashindwa kabisa hapa, na ukilipeleka gari Kitulo, mita 2,600 na zaidi, ndiyo kabisa. Mteja analalamika kuwa gari lilitoka Dar zima, "barabara ndiyo imeliua". Barabara haina kosa. Ringi ilikuwa imeisha zamani, ni bahari tu ilikuwa inaifichia aibu.

Kupima kompresa yenyewe, fungua mpira wa kutoa hewa baada ya kumwaga presha, unganisha geji, iache ipige kwa muda mfupi. Nzima hupandisha sindano bila kusita. Iliyochoka hupanda haraka mwanzoni, kisha sindano inaganda huku sauti ikibadilika na mwili ukichemka. Ikichemka sana hujizima yenyewe, halafu ikipoa inarudi. Ndiyo maana gari hupanda nusu, linatulia, dakika kumi na tano baadaye linamalizia.

Sasa ile safari ya hewa kurudi. Ndani ya kikaushio kuna chembe za kunyonya unyevu, ndugu wa zile za kwenye vifuko vidogo ndani ya boksi la viatu vipya. Hewa inapoingia huacha unyevu pale. Hewa kavu inapotoka kwa njia ileile huubeba unyevu na kuutoa nje. Gari likiwa na tundu mahali pengine, hewa inaingia kila siku lakini hairudi kwa mlango wake. Chembe zinalowa, hazikauki tena, zinasagika kuwa unga mweupe. Kwa hiyo tundu moja linaua kompresa kwa kuichosha na linaua kikaushio kwa kukilowesha. Ukifungua kiungio cha bloku ya vali ukakuta unga mweupe kama sembe, usibadili kompresa peke yake. Kikaushio kibadilishwe, mipira ipulizwe, bloku isafishwe, la sivyo unga utaziba vali mpya wiki hiyohiyo.

Kompresa iko kimya

Kabla ya kulia, funga milango. Land Rover hizi husitisha kurekebisha kimo mlango ukiwa wazi, na nimeshapigiwa simu ya dharura kutoka Mbalizi kwa mlango wa buti ambao haukufunga vizuri. Washa injini pia, kwa sababu nyingi hazipandishi kwa betri peke yake. Betri au oltaneta dhaifu inatosha kuinyamazisha.

Ikiwa bado kimya, kwanza fyuzi, kisha rilei, ile swichi ya umeme inayowasha kompresa. Rilei ndiyo mchawi wa mfumo huu. Ikiunguza midomo yake, kompresa haipati umeme. Ikigandana, kompresa haizimiki hata ukitoa funguo, na asubuhi una betri iliyokufa na kompresa iliyoungua kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana ninapofunga kompresa mpya nafunga na rilei mpya, hata kama mteja ananikazia macho.

Fundi umeme anaweza kuipa kompresa umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikipiga, yenyewe ni nzima, kosa liko kwenye umeme unaoifikia. Lakini sekunde chache tu, maana hapo hakuna anayeilinda isichemke.

Asubuhi linagoma, saa nne ni zima

Huu ni ugonjwa wa kwetu nyanda za juu. Gari limelala Makete, Njombe au Mafinga mwezi wa saba, usiku umande umeganda majanini. Asubuhi halipandi, au linapanda upande mmoja, na taa ya njano inawaka. Jua likipanda, kila kitu kinakaa sawa, na mashine haioni kitu cha maana. Mteja anaonekana mwongo.

Ni maji. Unyevu uliopita kwenye kikaushio kilichochoka umeganda ndani ya vali au kwenye mkunjo wa mpira. Madereva wa malori ya njia ya Tunduma wanaujua ugonjwa huu wa breki zao, ndiyo maana wanafungua koki ya tanki la upepo na kumwaga maji. Magari yetu haya madogo mengi hayana koki ya kufungua kila siku, yanategemea kikaushio. Kibadili, puliza mipira kwa hewa kavu, fungua tanki na ulikaushe. Kumwaga maji ya moto juu ya bloku kutakufikisha kazini leo, na kesho utayamwaga tena.

Halivuji, lakini limekaa upande

Hapa ni sensa au kile kifimbo kinachoiunganisha na mkono wa gurudumu. Kwenye Prado kifimbo hicho cha nyuma huliwa na kutu kikakatika, na sensa ikiachwa inaning'inia, gari linaweza kubaki juu kabisa au chini kabisa. Ni kitu kidogo cha kuonekana kwa macho, kwa hiyo angalia kwanza. Sensa nyingine hufa kidogo kidogo: taa inawaka ukipita matuta, ukizima na kuwasha inapotea. Ukiweza kusoma vimo kwenye mashine, tikisa gari taratibu kwa mkono kona moja moja na uangalie namba. Ya sensa nzima inateleza; ya mgonjwa inarukaruka.

Baada ya kubadili sensa, au mkono wa chini wa gurudumu, vimo vipangwe upya kwa mashine, kisha magurudumu yapimwe alaimenti. Bila hivyo gari litasimama wima lakini litakula tairi upande mmoja.

Linapanda, halishuki

Vali ya kutolea hewa imekwama, au mdomo wa kutolea umeziba kwa tope au unga wa kikaushio. Discovery itasoma C1A13. Mara nyingi ni unga, na tumeshausema.

Je, nifunge springi za chuma?

Huulizwa kila wiki. Kwa Prado ya mizigo ya viazi inayokwenda Isongole na kurudi, sikatai: ni nyuma tu, kazi ni ndogo. Kwa Discovery nasita. Gari lile lilichorwa likiwa na upepo, ukifunga chuma utapoteza kimo cha kuvukia mito, na kompyuta itahitaji kudanganywa ili taa izimike. Ukiamua kufunga, iwe kwa sababu umechoka na mfumo. Isiwe kwa sababu fundi ameshindwa kupata tundu.

Likilala njiani

Ukiwa unapanda Kitonga au uko kwenye zile kona 57 za Chimala kwenda Matamba na kona moja ikalala, usiendeshe kwa mwendo wako wa kawaida. Kwenye Discovery dashibodi yenyewe itakuonya usipite kilomita 50 kwa saa. Mimi nasema hata 30 kwenye vumbi. Begi lililolala hukunjwa na kusagwa kati ya bati na mpira wa kugongea, na ukilisukuma kilomita sitini, begi ambalo lilihitaji kiungio cha bei ndogo litahitaji kutupwa.

Kama mpira mdogo umekatika na begi ni zima, kuna bahati ya kuishi kwenye njia ya malori. Mipira mingi ya mfumo huu ni ya milimita 6, pima yako, na viungio vya kusukuma vya breki za lori vya kipimo hicho vinauzwa Makambako, Igawa, Mbeya na Tunduma. Kata ncha kwa wembe, iwe wima na safi, usikate kwa koleo. Sukuma mpaka mwisho, vuta kidogo kuhakikisha imeshika, nyunyiza sabuni.

Ndivyo nilivyomalizana na yule mama wa Tukuyu. Kona ya nyuma kushoto ilikuwa imeshuka sentimita tano kwa usiku mmoja, begi halikuwa na hata povu moja. Tundu lilikuwa kwenye mpira, juu ya chesisi, pale ambapo mtu fulani zamani alifunga bomba la moshi kwa waya wa kawaida na waya ukawa unausugua kila gari likiruka shimo. Niliweka kiungio kimoja na kipande cha bomba la raba la kukinga. Kompresa ya pili sikumtoza.